Mashine inalia, sarafu haionekani: kutatua matatizo ya kusaka sarafu za kale msituni na kwenye viwanja vya mandari

Viwanja vya mandari vya zamani nchini Marekani, vile vyenye mialoni na misonobari mikubwa pembezoni mwa miji, vimekaliwa na watu kwa vizazi. Watu walijilaza kwenye nyasi, wakacheza, wakanunua vinywaji, na sarafu zikawateleza mifukoni. Hapo hapo wakaacha vizibo vya chupa, misumari ya meza zilizooza na karatasi za alumini. Anayeingia na ditekta yake, yaani mashine ya kutambua metali iliyo ardhini, kutafuta sarafu za zamani hukutana na kelele nyingi kuliko sarafu, na upesi huamua kwamba mashine ni mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye udongo, kwenye takataka, au kwenye mkono unaoipitisha koili, ile sahani iliyo mwisho wa mpini, na kila moja lina dalili zake.

Maelezo haya yanahusu ditekta za kawaida za masafa ya chini sana, zile zinazoitwa VLF, za masafa mamoja au mengi. Koili hutuma uga wa sumaku unaobadilika. Metali iliyo chini huzalisha mikondo midogo ya umeme, nayo hutoa uga wake unaorudi kwenye koili ukiwa umechelewa kidogo. Ucheleweshaji huo ndio unaogeuzwa kuwa namba na mlio. Kwenye mpangilio wa namba hizo chuma hukaa chini kabisa, karatasi ya alumini na nikeli katikati, shaba na madini ya fedha juu. Kumbuka jambo moja: namba ile ni mchanganyiko wa kila kilicho chini ya koili kwa wakati huo. Msumari ukilala kando ya senti 10 ya fedha, skrini haitakuonyesha viwili. Itakuonyesha kitu cha tatu ambacho hakipo.

Na unapotafuta chanzo cha tatizo, badilisha mpangilio mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukishusha usikivu, ukabadilisha masafa na kichujio (kinachonyamazisha aina za metali usizozitaka) kwa pamoja, kelele ikiisha hutajua kipi kimeiondoa.

Dalili: mashine inalia ovyo hata koili ikiwa imetulia

Inua koili hadi usawa wa kiuno, elekeza mbali na meza na uzio, uishike bila kuitikisa. Ikiendelea kulia, kelele inatoka hewani. Angalia nyaya za umeme, transfoma, taa za kiwanja, kamera za ulinzi. Uzio wa umeme wa shamba la jirani hutambulika kwa mpigo wa takriban mara moja kwa sekunde. Simu yako mfukoni nayo inatosha kuvuruga; iweke kwenye hali ya ndege au kwenye mkoba mgongoni. Mwenzako mwenye ditekta ya masafa yanayokaribiana na yako akae angalau mita 15 kutoka ulipo. Baada ya hapo endesha kipengele cha kuondoa kelele huku koili ikiwa juu na imetulia, au chagua masafa mengine. Kelele ikibaki ndipo ushushe usikivu, hatua moja moja, hadi mashine inyamaze. Usikivu wa juu wenye kelele haufiki kina cha usikivu wa kati ulio kimya, kwa sababu sikio haliwezi kuuchagua mlio dhaifu kati ya milio mia.

Ikitulia ukiwa umesimama lakini ikalia unapoanza kuipunga, tikisa kebo. Kebo iliyolegea kwenye mpini hujisogeza juu ya koili na kusomwa kama metali. Ifunge kwa mikanda ya kitambaa, sehemu ya kwanza karibu kabisa na koili, ukiacha nafasi ndogo tu ya kuikunja. Fungua soketi uone kama kuna unyevu au kutu. Kisha vua kifuniko cha koili. Mchanga mweusi wenye sumaku na matope hujikusanya humo, nayo husogea kila unapopunga. Dalili inayowasumbua wengi bila kujua sababu ni mlio unaokuja upande mmoja tu, kila mara koili inapofika mwisho wa mpito: buti zenye chuma mbele.

Dalili: kimya hewani, fujo koili ikigusa ardhi

Huo ni udongo. Tafuta sehemu isiyo na metali, shusha na kupandisha koili kati ya sentimita 5 na 30 juu ya ardhi, na urekebishe usawazisho wa udongo hadi sauti iwe ileile koili ikipanda na ikishuka. Mashine nyingi hufanya hivyo zenyewe ukishika kitufe. Rudia kila unapotoka kwenye nyasi kuingia msituni, au kutoka kwenye udongo wa mfinyanzi mwekundu kwenda kwenye kichanga. Watu husawazisha asubuhi kando ya gari na kuisahau siku nzima, kisha wanashangaa kwa nini ng'ambo ya kijito mashine imekuwa kichaa.

Mahali palipokuwa na meko ni kesi ya pekee. Moto mkali hubadilisha oksidi za chuma zilizomo kwenye udongo zikawa za sumaku, kwa hiyo duara la meko ya zamani litalia hata kama hakuna kipande cha metali. Sawazisha upya ukiwa ndani ya duara lenyewe, shusha usikivu, na uendelee. Usipaache: watu walikaa kuzunguka moto. Mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua yana ujanja mwingine, maana yanaweza kutoa namba ya sarafu kabisa. Ukichimba viwili au vitatu ukavijua, andika namba yake kwa mashine yako. Mawe yenye chuma nayo hulia, lakini mlio wake ni mpana na hauna ukingo, na ukiinua koili sentimita chache hupotea ghafla kuliko unavyopotea mlio wa metali.

Dalili: namba ni ya fedha, kinachotoka ni chuma

Hili ndilo linalokula muda na migongo ya watu kuliko yote. Msumari uliopinda, kipande kikubwa cha chuma bapa, pete ya chuma na kizibo cha chupa vyote vina umbo linaloruhusu mikondo kuzunguka, na mashine hudanganyika ikatoa mlio wa juu. Kutu iliyosambaa kwenye udongo huongeza fujo.

Kabla ya kuweka koleo chini, fanya majaribio haya. Kwanza, zunguka nyuzi 90 na upitishe koili tena. Sarafu iliyolala ni duara, hivyo itasema jambo lilelile kutoka kila upande. Msumari utasema "fedha" kutoka upande mmoja na kukatika au kunguruma kutoka mwingine. Pili, fupisha mpito hadi sentimita 10 au 15 huku ukirudi nyuma taratibu, hadi ncha ya mbele ya koili iondoke juu ya kitu. Mlio wa sarafu hufa safi. Wa chuma huacha mkia wa milio ya chini na namba zinazoruka. Tatu, weka alama ya mahali mlio wa juu ulipo, halafu washa hali ya kutafuta kitovu, ambayo husikia metali zote. Kitovu kikihama sentimita 8 au 10 pembeni, mlio ule wa juu ulikuwa kivuli cha chuma kilicho kando.

Vizibo vya chupa vinastahili maneno ya ziada kwa sababu kwenye kiwanja cha mandari ni vingi kupita kila kitu. Ni chuma chembamba, kilicho bapa na chenye meno pembeni, na juu ya kitovu cha koili husomeka vizuri kama sarafu. Pitisha kitu hicho chini ya ukingo wa koili, mbele au nyuma, badala ya katikati. Mlio wa kizibo huvunjika papo hapo na kuwa mngurumo. Wa sarafu hudhoofika tu. Jaribio hili hufanya kazi hasa kwa koili za aina ya DD, zenye nyaya mbili za umbo la herufi D zilizopishana ndani, na ni lazima usiwe umenyamazisha sauti ya chuma kwa kichujio. Ndiyo maana tunashauri chuma kiachwe kisikike kwa sauti nzito ya chini. Ukikifuta kabisa unajinyima ushahidi.

Tahadhari moja. Sarafu iliyo jirani na msumari nayo hukatika kutoka upande mmoja. Ikiwa kutoka upande wowote mmoja unapata mlio mfupi, wa juu, safi, unaorudi kila mpito na kitovu hakihami, chimba.

Dalili: namba za katikati, na kila shimo ni kishikio cha kopo

Vishikio vya pete vinavyong'oka vilienea kwenye makopo ya bia na soda kuanzia 1963, baada ya uvumbuzi wa Ermal Fraze wa Dayton, Ohio. Vishikio vinavyobaki kwenye kopo vilianza mwaka 1975, vikachukua nafasi yake. Kwa hiyo pete hizo ni takataka zenye tarehe. Zikijaa kwenye sentimita 5 za juu, kiwanja kilitumika sana miaka ya 1960 na 1970, na chochote kilicho chini ya tabaka hilo huenda ni cha kabla yake. Usikimbie mahali penye pete. Mahali pasipo na pete, wala vizibo, wala kitu, pengine hapakukaliwa na mtu.

Tabu ni kwamba senti 5 ya Marekani, yenye shaba 75% na nikeli 25%, inaangukia kwenye namba zilezile za pete hizo, na pete nyingi za dhahabu za vidoleni pia. Ukifuta eneo lote kwa kichujio unapoteza senti 5 zote: za kichwa cha Liberty zilizoanza 1883, za nyati za 1913 hadi 1938, na zile za vita za 1942 hadi 1945 zenye fedha 35%, zinazojulikana kwa herufi kubwa ya kiwanda juu ya jengo la Monticello, nyumba ya Rais Jefferson, upande wa nyuma. Suluhisho ni kujua namba halisi ya senti 5 kwenye mashine yako. Chukua ya kisasa, ipitishe hewani, kisha iweke sentimita 10 kwenye udongo, na uandike. Namba ya senti 5 hutulia, ikicheza pointi moja au mbili. Pete zilizopinda hutapakaa. Siku ya kwanza chimba zile tu zinazotulia kwenye namba hiyo. Zikiisha, ndipo urudi kwa nyingine kama una subira.

Senti 1 ina mtego wake. Hadi mwaka 1982 nyingi zilikuwa na shaba 95%. Kuanzia mwaka huohuo zikaanza kutengenezwa kwa zinki iliyopakwa shaba. Senti hizo za zinki huangukia karibu na senti za kichwa cha Mhindi wa Marekani, zilizotengenezwa hadi 1909. Anayeamua kuruka "senti za zinki" kwa namba peke yake anaruka na hizo. Angalia kina: ya zinki huwa kwenye sentimita chache za juu. Namba ya zinki iliyo kwenye sentimita 15 inastahili shimo.

Dalili: sarafu zinatoka, lakini zote ni za kisasa

Sarafu za senti 10, 25 na 50 za hadi 1964 zina fedha 90%. Usipoziona kabisa, sababu huwa mojawapo ya tatu.

Ya kwanza ni kasi na kimo. Mpito wa mita moja na nusu uchukue kama sekunde mbili, na penye misumari mingi zaidi ya hapo. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Koili ikae sentimita 1 hadi 3 juu ya udongo, sambamba, bila kuinuka mwishoni mwa mkono. Msituni jambo hili hugeuka kuwa gumu kwa sababu ya majani makavu. Kitu kidogo kilicho chini zaidi ya nusu ya upana wa koili hurudisha ishara inayopungua kwa takriban kipeo cha sita cha umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, hubaki kama 1/64. Sentimita 7 za majani zinaweza kuwa tofauti ya mlio na kimya. Kwangua majani kwa mguu au reki nyepesi hadi uone udongo mweusi, pitisha koili, kisha yarudishe. Unyevu husaidia: siku moja au mbili baada ya mvua udongo hutoa ishara nzuri na hukatika bila kumeguka.

Ya pili ni kufunikwa na chuma. Senti 10 ya fedha ina upana wa milimita 17.9 tu. Ikiwa na msumari kila upande, koili ya sentimita 28 huona misumari. Funga koili ndogo ya sentimita 12 hadi 15, ongeza kasi ya mashine ya kutenganisha vitu, punguza kichujio, na upite polepole. Utapoteza kina kiasi. Ni bei ya haki, kwa sababu kwenye takataka nzito hukuwa na kina hicho hata kabla.

Ya tatu ni mahali penyewe. Meza za leo hazipo zilipokuwa meza za 1930. Tafuta ramani za zamani za idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, na picha za angani za miaka iliyopita, ulinganishe njia na majengo. Viwanja vingi na mabanda yake vilijengwa na CCC, kikosi cha serikali cha vijana wasio na ajira, kati ya 1933 na 1942, na mawe yake mazito bado yanaonekana. Angalia kivuli cha miti mikubwa kuliko mingine, mteremko unaotazama uwanja wa michezo, njia ya kwenda kwenye chemchemi, na ukingo wa msitu ulioingia juu ya nyasi za zamani. Ukingo huo watu huuruka kwa sababu ya vichaka na kupe. Vaa soksi ndefu juu ya suruali na uingie.

Kina chenyewe kisikuchanganye. Sarafu haizami kwa uzito wake kwenye udongo mgumu. Majani huoza juu yake na nyungunyungu hutoa udongo chini na kuumwaga juu, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kwenye nyasi zenye rutuba senti ya 1910 inaweza kuwa sentimita 18 chini, na kwenye mteremko wa mawe chini ya misonobari ikawa sentimita 4.

Dalili: mlio mara mbili kwa mpito mmoja

Sarafu imesimama kwa ukingo, au kitu kiko karibu mno na uso wa ardhi. Inua koili sentimita 10. Milio ikiungana kuwa mmoja, kitu kiko juu. Ikipotea, jaribu kutoka pande zote, maana sarafu iliyosimama huwa dhaifu kutoka upande mmoja. Namba zinazoruka kati ya mbili za juu, bila mngurumo wa chuma, mara nyingi ni sarafu kadhaa zilizomwagika pamoja.

Dalili: mlio ulikuwa mzuri, shimo limechimbwa, umetoweka

Usiongeze shimo bado. Pitisha koili juu ya bonge ulilong'oa na udongo ulio kwenye kitambaa. Sarafu mara nyingi iko humo. Kama haipo, ingiza kigunduzi kidogo cha mkononi shimoni na ukiguse pande zote nne, siyo chini tu. Koili za DD hukosea kitovu mbele au nyuma kwa sentimita kadhaa, na sarafu hubaki kwenye ukuta wa shimo. Huenda pia koleo limeigeuza ikasimama wima. Ondoa udongo sentimita 3 zaidi usikilize tena. Ikiwa mlio umefifia na kuwa wa chuma, ilikuwa ni kutu: chuma kinachooza huzungukwa na udongo wenye kutu unaokifanya kionekane kikubwa, na ukiuvuruga, kinapungua.

Ili kitovu kisikupotee tangu mwanzo, kitafute kutoka pande mbili zinazokatana, kisha kata bonge kwa umbo la kiatu cha farasi, upana wa sentimita 12 hadi 15, ukiacha upande mmoja umeshikamana na nyasi kama bawaba. Simamisha koleo wima ukikata. Likiegemea ndani ndilo linalokwaruza sarafu. Udongo wote uende kwenye kitambaa. Ukimaliza urudishe, laza bonge, likanyage. Wakati wa kiangazi kikali usichimbe kwenye nyasi zilizotunzwa, kwani bonge litakauka na kuacha doa la njano. Msituni mzizi ukikatiza shimo, chimba kwa mkono kando yake au uache sarafu hapo. Mzizi wa mwaloni haukatwi kwa ajili ya senti.

Dalili: mlinzi wa hifadhi anakusimamisha

Cha kurekebisha hapa siyo mashine, ni ruhusa. Katika hifadhi za taifa za Marekani hata kuwa na ditekta iliyo tayari kutumika ni kosa. Sheria ya shirikisho ya 1979 hulinda mabaki ya kiakiolojia yenye umri wa miaka 100 au zaidi kwenye ardhi ya serikali kuu na ya Wahindi wa Marekani. Misitu ya taifa kwa kawaida huruhusu kutafuta sarafu kwenye maeneo ya kambi na mandari yaliyoendelezwa, isipokuwa palipokatazwa, lakini uliza ofisi ya msitu husika kwanza. Hifadhi za majimbo na za miji zina kanuni zake, nyingine zikitaka kibali cha maandishi au zikitaja ukubwa wa koleo. Kwenye ardhi ya mtu, mwombe mwenyewe. Ukikuta msingi wa nyumba ya kale au vyungu vilivyovunjika, ondoka bila kuchimba. Na anayefikiria kurudi na ditekta Kilwa au kwenye magofu mengine ya pwani yetu aache kabisa: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa hupoteza nusu ya maana yake zikitolewa na mtu asiyeandika zilikotoka.

Dalili: sarafu imetoka, uso hausomeki

Usiisugue kwa kidole shimoni. Mchanga ulio juu yake ni msasa, na kwenye sarafu adimu mkwaruzo mmoja hushusha thamani papo hapo. Senti 10 ya aina iitwayo Mercury yenye alama ya D (kiwanda cha Denver) ya mwaka 1916 ilitengenezwa 264,000 tu, na senti 1 ya 1909 yenye herufi S (kiwanda cha San Francisco) na VDB (herufi za jina la mchoraji wake) ilitengenezwa 484,000. Hujui ulichoshika hadi uoshe. Iweke kwenye kopo dogo lenye pamba na maji. Nyumbani, sarafu za fedha zisafishwe kwa maji ya bomba yanayotiririka na zikaushwe kwa kubonyezwa kwenye kitambaa laini. Za shaba zilowekwe kwenye maji yaliyokenekwa ya duka la dawa kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa yakichafuka, kisha udongo uliolegea uondolewe kwa kijiti cha mbao. Ukoko wa kijani ulioshikana na shaba uachwe. Chini yake mara nyingi hakuna uso tena, na tarehe iliyobaki inasomeka kwenye ukoko wenyewe, ukiishika chini ya taa inayopiga kutoka pembeni.